Ua wa Kumkaribisha Mkwe

Mume wa binti yangu hajawahi kuniona nikila, nami sijamwona akila. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume tunakimbiana. Tukikutana njia ya Masanze, yeye anaingia kwenye mahindi ya watu, mimi najifunika khanga nageukia pembeni. Si ugomvi, ni heshima.

Sasa mwaka juzi nilianguka mara mbili nikitoka kuchota maji. Binti yangu, wakati huo wamepanga chumba Mikumi, akaja akaniambia, "Mama, tunataka kuhamia hapa. Nipe hicho kipande cha kando tujenge." Nilifurahi mno. Akaongeza, "Ila mwenzangu anasita. Anasema atatokaje nje asubuhi na mswaki mdomoni, mama mkwe yuko hapo jikoni?"

Ni kweli. Kati ya jiko langu na kile kipande palikuwa peupe. Nikasema nitapanda ua wa kijani mwaka mzima, siyo wa mabua unaobomoka kiangazi.

Binti alitaka miashoki, aliiona kwenye nyumba ya wageni Mikumi, imesimama kama askari. Nikamwambia hiyo itanimaliza kwa kuimwagilia. Michongoma inaziba kweli, ila inakua polepole, na miaka hiyo mimi sina. Nikachagua minyaa. Mbuzi wa wafugaji hawaigusi kwa ule utomvu wake, na wajukuu zangu wameshakua, hawatauchezea ukawaingia machoni.

Nikakata matawi, siku hiyohiyo nikayachomeka kwenye udongo uliolowa masika. Wiki tatu baadaye navuta moja, limeoza chini. La pili hivyohivyo. Yote! Nikakaa chini palepale, nikamwona binti yangu anazeekea kwenye chumba cha kupanga.

Akapita jirani yangu, mama aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, ambako maboma ya ng'ombe huzungushiwa minyaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Akaokota tawi, akacheka. "Bibi, umeyazika mabichi! Hili lina kidonda, wewe unalitia matopeni? Yalaze kivulini siku nne tano, kidonda kikauke, ndiyo upande."

"Uzee wote huu nilikuwa sijui."

"Utajuaje, na hujafuga hata ndama?"

Nikakata mengine, nikayalaza. Siku ya kupanda binti akaja, na nyuma yake, kumbe, mumewe na jembe begani. Akachimba upande wake kanipa mgongo, nami nikachimba wangu nimempa mgongo. Binti katikati ameshika kamba ya kunyooshea mstari.

"Mwambie mama ayabananishe kidogo, hapo paka atapita."

Nimesikia, mimi siyo kiziwi. Lakini binti akarudia neno kwa neno.

"Mwambie mwenzio paka siyo mkwe wangu, apite tu."

Nyuma yangu mtu akacheka. Miaka yote ya ukwe wetu sikuwahi kusikia kicheko chake.

Minyaa ikashika. Mwaka huu imenifika kifuani. Nikikaa kwenye kigoda changu jikoni, mtu wa upande wa pili hanioni. Tofali zimeshachomwa. Juzi binti ameniletea ujumbe wa mumewe: wiki ijayo wanaanza kuchimba msingi, wanamwomba mama asiwe anasimama ghafla.

Nimemjibu nitakuwa nakohoa kwanza.