Meno ya Mbuzi wa Ruracio

Kwanza niseme mambo yaliisha vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe sipendi hadithi inayoniweka roho juu mpaka mwisho. Yaliisha vizuri, na siku hizi nikipita mbele ya bucha nikaona kichwa cha mbuzi kimewekwa mezani, hujikuta natabasamu. Kuna wakati nilikuwa siwezi hata kukitazama.

Kazi yangu ni meno ya mifugo. Niko katika maabara ndogo ya chuo hapa Nyeri mjini, vyumba viwili tu, na nyuma yake kuna jiko la makaa na sufuria kubwa ambayo hakuna mtu anayethubutu kuiazima. Humo ndimo ninamochemshia taya mpaka nyama iachane na mfupa. Mume wangu husema amezoea harufu hiyo, lakini nikifika nyumbani hufungua madirisha yote kabla ya kunisalimia.

Jambo lenyewe si gumu. Kila ardhi ina alama yake. Alama hiyo hutoka kwenye mawe na mvua, ikaingia kwenye majani, ikamwingia mnyama anayekula majani, na jino linapoota angali mdogo huifungia ndani lisiiachilie tena. Alama hizo ndizo tunazoziita isotopu: chembe za kitu kimoja zilizopishana uzito kidogo tu. Anayejua kuzipima anaweza kuchukua jino la ng'ombe aliyekufa kabla ya babu wa babu zetu, akasema mnyama huyo alilelewa katika nchi ya namna gani. Lakini hawezi kusema neno kama hajui meno ya leo ya kila mahali yanasemaje. Ndiyo sababu watafiti wa nchi kadhaa tuliamua kuweka vipimo vyetu pamoja katika hifadhidata moja, kila mtu alete vya kwao, na mwenye swali achote bure. Huku kwetu mlimani, wa kuleta nilikuwa mimi.

Nilijua mtego mmoja tangu mwanzo, na nilijivunia kuujua. Mnyama wa bucha ni msafiri. Mbuzi anayechinjwa Othaya leo huenda jana alikuwa kwenye lori akitoka nyika za kaskazini ya Nanyuki, kule kwenye mawe ya kale ambayo alama yake haifanani hata kidogo na ya udongo wetu mwekundu wa volkano. Kwa hiyo bucha niliziacha. Sagana, nilikoolewa, na Nanyuki nilichukua taya kwenye mashamba makubwa yanayozalisha mifugo yao yenyewe. Othaya, nilikozaliwa, nikapanda na kushuka vilima, boma hadi boma, nikiomba taya za mifugo waliozeeka nyumbani, wale ambao mwenye boma anawajua tabia na ukaidi wao. Kila mahali niliuliza, "Huyu alikuwa wa hapa?" na kila mahali nikajibiwa, tena kwa kushangaa kwamba nauliza, "Wa hapa kabisa." Mama yangu naye alinipa taya ya mbuzi wake aliyekufa kwa uzee. Alisema huyo alikuwa wa hapa kuliko hata mimi, maana mimi niliondoka.

Nikapima, nikajaza, nikatuma. Kisha nikaitwa kwenye mkutano wa mtandaoni.

Msimamizi wa hifadhidata ni mtu mzima, mpole, anayekohoa kabla ya kusema jambo baya. Siku hiyo alikohoa sana. Alisema vipimo vya Sagana ni safi na vya Nanyuki ni safi, lakini vya Othaya vina tatizo: zaidi ya nusu vinasema mifugo hao walikulia kaskazini, kwenye mawe ya kale. Halafu akasema kwamba baadhi ya wanakamati wanajiuliza kama taya zote hazikununuliwa katika bucha moja, kisha zikaandikiwa majina ya vijiji mtu akiwa ofisini. Hawanilaumu, alisema. Wanauliza tu. Ila nisipotoa maelezo kabla hifadhidata haijafunguliwa kwa umma, italazimu kuondoa kila kitu nilicholeta, si vya Othaya peke yake, kwa sababu mkono uliokusanya ni mmoja.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani anajua. Lakini siku hiyo hazikuja. Nilisema asante, nikazima kompyuta, nikakaa nikiangalia viatu vyangu. Vilikuwa bado na udongo wa Othaya kwenye soli. Kuitwa mvivu ningeweza kuvumilia. Kuitwa mwongo wa kutunga vijiji kuliniumiza mahali ambapo sikujua kwamba naweza kuumia. Na pale chuoni, jina kama hilo likikushika halikuachi. Nani angenipa kazi nyingine ya kukusanya hata mawe?

Mume wangu nilimwambia nusu. Mama sikumwambia kitu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Othaya nikiwa na mpango. Mama ana kondoo jike mzee, mnene, mwenye dharau, anayefungwa kando ya kahawa na kutazama watu kama vile wao ndio wamefungwa. Nilifikiri, nikipata jino la huyu ambaye najua kwa macho yangu ni wa boma letu, nitalipima upya kwa uangalifu wote. Baada ya chai nikamwambia mama tumchinje, nami nitamletea wawili wachanga.

Mama aliweka kikombe chini.

"Unataka nichinje nini?"

"Yule kondoo mzee. Si hata hazai tena?"

"Maitu," akasema. Maana yake ni mama; huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na akiniita hivyo kwa sauti ile ya chini najua nimekosa. "Hiyo ni mwati yako. Nani alikuambia mwati inachinjwa ovyo ovyo? Ati nikule mwati ya msichana wangu na chai?"

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kijana anapokuja kuomba msichana, kitu cha kwanza ambacho watu wake huleta, kabla ya hesabu nyingine zote za mahari, yaani ruracio, ni kondoo jike mdogo na mbuzi jike mdogo. Hao tunawaita mwati na harika. Siku hizi mengine yote yanaweza kutumwa kwa simu, lakini wawili hao lazima wafike wenyewe, wakiwa hai, na baadaye hakuna mama anayewauza. Wanakaa. Wanazaa, watoto wao wanauzwa au wanaliwa Krismasi, na wao wanabaki wakizeeka pale kwenye boma. Mimi wa kwangu sikuwahi kuwaona wakifika. Siku ile msichana huwa amefichwa ndani na wenzake, na wanaopokea mifugo mlangoni ni wazee.

Nikamuuliza taratibu, "Na yule mbuzi uliyenipa taya yake?"

"Si hiyo ndiyo harika yako! Zilikuja pamoja na pick-up."

"Zilitoka wapi, mama?"

Akaniangalia kama niliyeuliza mchungaji anavaa nini ndani ya joho. "Mtu hauulizi hivyo. Zililetwa na watu wenu wa Sagana. Ukianza kuuliza zilinunuliwa wapi, ni kama unapima mkono wa mtu ametoa kiasi gani. Zikiingia kwa gate, ni za hapa."

Nilicheka mpaka mama akakasirika zaidi. Nilikuwa nimewakwepa wasafiri wa bucha kwa akili nyingi, nikaenda kuchagua wazee wa boma. Na katika boma za kwetu anayeachwa azeeke ni yule aliyekuja na ruracio. Wazaliwa wa pale hawaishi hata wakaota meno yote. Nilikuwa nimekusanya, kwa jasho langu mwenyewe, mifugo ya wakwe wa Othaya nzima.

Basi nikarudi kila boma, safari hii nikiwa na swali tofauti. Sikuuliza mnyama ametoka wapi. Niliuliza, "Huyu alikuja kwa ajili ya msichana gani?" Na nyuso zikafunguka! Akina mama walionijibu kwa maneno mawili mara ya kwanza sasa walinivutia kiti. Huyu alikuja kwa ajili ya kifungua mimba, yule mwalimu. Huyu ni wa yule aliyeolewa Nanyuki, mume wake ni fundi wa magari. Huyu hapana, huyu kweli alizaliwa hapa, ila alikuwa kiwete na mzee akamwonea huruma. Wasichana wengi walikuwa wameolewa upande wa Laikipia, huko kaskazini, na hata ambao hawakuolewa huko, wakwe wao walikuwa wamenunua kwenye minada ya huko, kwa kuwa ndiko mifugo waliko. Hilo la mwisho akina mama hawakulisema. Nililiona mimi kwenye vipimo, na sitamwambia mtu ni boma gani.

Isipokuwa langu. Mume wangu miaka yote amekuwa akijisifu kwamba baba yake alitoa mwati na harika kutoka zizi lake pale Sagana, waliolelewa na majani ya mtoni. Nilimwekea karatasi ya vipimo kando ya sahani yake nikamwambia jino la harika linasema alikulia kaskazini, mbali kabisa na mto wowote.

Akaisoma, akatafuna, akasema, "Kwani siku hizi meno inatoa ushahidi kortini?"

"Inatoa."

"Basi usiambie mzee wangu. Atasema ni maabara yenu imeharibika."

Maelezo peke yake hayakutosha, nilijua hivyo. Mtu anayeshukiwa kutunga vijiji anaweza pia kutunga harusi. Lakini wale mwati na harika walikuwa wamezaa. Watoto wao walizaliwa Othaya, wakala majani ya Othaya, na taya zao zilikuwa zimetupwa nyuma ya jikoni au ziko kwa mbwa. Nilizitafuta. Kuna boma nilikogombania taya na mbwa mweupe mbele ya wageni, na sioni aibu kusema nilishinda. Kama maelezo yangu ni ya kweli, jino la mnyama mama litaonyesha kaskazini na la mtoto litaonyesha Othaya. Kama si ya kweli, basi nimekwisha. Nikatuma meno hayo, pamoja na ya mama zao, kwenye maabara ya Nairobi, sio yangu, ili asiwepo wa kusema mkono ni ule ule.

Siku za kungoja sikulala vizuri na nilimgombeza kila mtu, hata muuza ndizi.

Majibu yalipokuja nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya benki. Nikayafungua kwenye simu pale pale. Kila jino la mama lilionyesha kaskazini na kila la mtoto lilionyesha Othaya. Mlinzi wa benki akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa kabisa, nikaacha foleni nikatoka nje. Pumzi niliyovuta pale nje sikumbuki kama nimewahi kuvuta nyingine tamu namna ile.

Kwenye mkutano msimamizi hakukohoa. Aliniomba radhi mbele ya kamati nzima, waziwazi. Vipimo vyangu vyote vilibaki, na hifadhidata ikaongezewa swali jipya kwa kila mkusanyaji, popote alipo: mnyama huyu aliingiaje katika boma hili? Tena akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba yale meno ya kigeni wanayoyachimbua kwenye makazi ya kale huenda si ya biashara wala ya vita kama walivyoandika miaka yote. Labda ni ya mifugo ya wasichana waliokuwa wanaolewa.

Nilipotoka nilimpigia mama simu, na ndipo nikamweleza kwa mara ya kwanza jinsi nilivyoshukiwa.

"Walisema mtoto wangu ni mwongo," akasema.

"Walidhani tu, mama. Imeisha."

"Na ulikuja hapa ukakunywa chai na hukuniambia."

"Niliogopa."

"Sasa usiogope. Na mimi pia sikukudanganya, usiende kuwaambia nilikudanganya. Nilisema ni ya hapa, na ni ya hapa. Kwani huko Sagana wewe wanakuita mgeni?"

Nilifikiria jikoni kwa mama mkwe, na kiti ambacho hakuna mwingine anayekikalia nikienda kuwatembelea.

"Hapana," nikasema. "Hawaniiti mgeni."

"Basi," akasema mama, na nikamsikia akijifuta pua.