Nilivyompeleka binti yangu kutambulishwa kwa walimu wa Kidachi hapa Lushoto, Kiholanzi kikaletwa na mgeni

Saa 4:10 asubuhi, Jumamosi, ghorofa ya juu ya jengo lililo nyuma ya soko la Lushoto. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Wakuu, salaam kwenu nyote. Humu mimi ni msomaji wa kimya, kuandika naandika kwa nadra. Haya nayaweka kama yalivyotokea mbele ya macho yangu. Wale wa kusema "hii chai" wavumilie hadi mwisho, ndipo waamue kama ina majani.

Majina nimebadilisha. Huu mji ni mdogo na wote tunanunua nyama bucha moja.

Kwanza mjue nilifuata nini pale.

Binti yangu Zubeda ameolewa na kijana wa Soni, Rajabu. Rajabu yuko Uholanzi, anafanya kazi kwenye mabanda ya vioo wanakolima nyanya. Ndiyo, wakuu, mtu katoka Soni kwenye nyanya, kapanda ndege, kashukia kwenye nyanya.

Ili Zubeda amfuate, utaratibu wa kule ulimtaka kwanza afaulu mtihani wa Kiholanzi cha mwanzo akiwa bado huku. Ni mtihani kweli, kuna kusoma na kuzungumza. Asipofaulu, hakuna safari.

Mtoto wao alikuwa na miaka miwili, na baba yake alikuwa anamjua kwa simu tu. Ukimwuliza, "Baba yuko wapi?" anaonyesha simu. Hata ikiwa imezimwa. Ikiwekwa kwenye chaji anasema, "Baba anakula."

Tulikuwa tunacheka. Zubeda alikuwa anacheka pia, halafu anatoka nje kuangalia nguo kama zimekauka.

Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo pale sokoni, nilikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulisoma. Juu liliandikwa DUTCH LANGUAGE SCHOOL kwa herufi kubwa. Chini yake: "Jifunze Kidachi kwa miezi mitatu. Njoo utambulishwe kwa walimu wetu mahiri." Bendera ilikuwepo, ila mvua ilikuwa imeshachanganya rangi.

Mimi ni mkulima wa karoti na peasi. Shule niliishia darasa la saba, yaliyobaki nimejisomea mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hakurupuki. Nilikwenda siku mbili kabla nikakagua. Ngazi imara. Choo kina maji. Madawati yamepigiliwa vizuri. Nikauliza kama wana kibali, nikaonyeshwa karatasi yenye muhuri. Nikanunua fomu.

Kitu pekee ambacho sikukikagua ni lugha. Nilidhani hiyo wameshaikagua wao.

Siku yenyewe nikaenda na Zubeda. Ada ya kozi nzima, shilingi laki sita, nilikuwa nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti, maana atakayelipa siku ile alikuwa anapewa punguzo na kamusi. Ukumbini walikuwemo vijana wanaotaka kuongoza watalii, akina mama watatu wa kwaya, na sisi.

Mkurugenzi wa shule, nimwite Singano, alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai ndefu kupita mkanda. Meza kuu ilikuwa na maua, maji ya chupa na mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa Mholanzi. Mama wa makamo, viatu vya kupandia mlima, kwenye mapaja kashika mfuko wa jibini. Singano alimkuta asubuhi hiyo kule Irente, shambani wanakouza jibini, akamsikia akisema anatoka Uholanzi, akamwomba aje "dakika tano tu". Tulimwita Mama Aneke.

Ninachoweza kumsifu Singano ni hicho. Alimleta mwenyewe, kwa gari lake.

Utambulisho ukaanza. Kila mwalimu alisomewa wasifu, na wasifu wa mwalimu mmoja ulikuwa mrefu kuliko hotuba ya harusi.

Wa kwanza, Mzee Mntangi. Mstaafu, kofia ya pama mkononi, amelelewa kule Amani, na babu yake aliwapikia wazungu wa kituo cha utafiti. "Mzee huyu," akasema Singano, "Kidachi amekinyonya!"

Tukapiga makofi.

Mzee akasimama, akakohoa, akatoa salamu nzito: "Guten Tag, meine Damen und Herren!"

Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mama Aneke akatabasamu, akajibu "Guten Tag", halafu akamgeukia Singano kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasio wa huku. Kwa wazee wetu, Mdachi ni Mjerumani. Walitawala milima hii, nyumba zao za mawe bado zimesimama, na bibi yangu kila kitu kisichovunjika alikiita cha Mdachi. Anayetoka Uholanzi ni Mholanzi, na lugha yake ni Kiholanzi.

Singano yeye alikuwa amesikia kwamba kwa Kiingereza lugha hiyo inaitwa "Dutch". Akaionja mdomoni: dachi, dachi. Akaandika Kidachi. Kisha akatangaza nafasi za kazi: anatakiwa mwalimu wa Kidachi. Akaletewa alichoomba.

Mimi wakati ule nilikuwa bado sijaunganisha. Nilipiga makofi na wenzangu.

Wa pili, Mwalimu Kilua. Huyu alikuwa dereva wa malori Afrika Kusini miaka mingi. Miwani ya jua ndani ya ukumbi. Akasalimia kwa lugha ya makaburu, akamaliza na "baie dankie", yaani asante sana, mara tatu. Mama Aneke akachangamka kidogo, kama umeme uliorudi na kukatika.

Makofi.

Wa tatu, Mwalimu Godi, kijana mwenye simu mbili. Huyu alijifunza kwa apu na alikuwa na cheti cha apu, kimechapwa kwa rangi na kuwekwa kwenye fremu. Akasimama, akafumba macho, akatiririka bila kupumua kama dakika nzima. Wakuu, kijana anatiririka! Vijana wa utalii walisimama kumshangilia.

Singano akampa Mama Aneke kipaza sauti. "Mama, tuambie. Kijana wetu kasema nini?"

Mama yule kumbe Kiswahili anakijua, aliwahi kufanya kazi ya ukunga Tanga. Akasema polepole, kwa adabu zote, "Samahani sana. Nimeelewa neno moja. Maziwa."

Ukumbi ukacheka. Godi akafungua macho. "Ni kobe," akasema. "Kobe anakunywa maziwa. Ni somo la nne."

Kwenye orodha ya apu lugha zimepangwa, na Godi alibonyeza ya kwanza aliyoona inaanza na D. Ikawa "Danish", yaani Kidenmaki. Miezi minane ya bidii, wakuu, mtu anakisoma Kidenmaki milimani hapa bila kujua.

Hata hapo Singano hakutikisika. "Ni mambo ya lafudhi," akasema. "Maswali?"

Zubeda akasimama. Sikumtuma.

"Shikamooni walimu. Mimi nina swali dogo tu. Kwenye mtihani nikiulizwa naishi wapi, nijibuje?"

"Swali zuri sana," akasema Singano. "Walimu, mjibuni mwanafunzi."

Mzee Mntangi: "Ich wohne in Lushoto."

Kilua: "Ek bly in Lushoto."

Godi, macho yamefumbwa: "Jeg bor i Lushoto."

Neno pekee walilokubaliana walimu wote watatu lilikuwa Lushoto.

Zubeda akageuka kwa mgeni. "Na wewe mama, ungejibuje?"

"Ik woon in Lushoto," akasema Mama Aneke, kwa sauti ndogo kama anayeomba radhi.

Ya nne hiyo.

Nikaona Zubeda anaitamka bila sauti, midomo tu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Pale nilijua yeye darasa lake limeshaanza na limeshakwisha.

"Mnaona?" Singano akadaka kipaza sauti. "Vinafanana! Ni kama Kishambaa cha Mlalo na cha Bumbuli. Watu si wanaelewana?"

Sauti ikatoka nyuma: "Wa Mlalo akienda Bumbuli hafanyishwi mtihani!"

Mzee Mntangi alikuwa ameshavaa kofia yake. Alikuwa amekasirika kuliko sisi wote, na kwa kweli alikuwa na haki. "Singano, uliniita kufundisha Kidachi. Kidachi nimekuja nacho. Kama ulitaka Kiholanzi, mdomo unao, ungesema Kiholanzi!"

"Mzee wangu, dachi ni dachi..."

"Dachi ni mimi!" akajibu mzee, akakaa.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza swali moja la utaratibu: kati ya lugha hizi tatu, binti yangu atafundishwa ipi, kwa siku zipi?

Singano akafikiri. Halafu, wakuu, akajibu bila aibu: "Jumatatu na Jumanne kwa Mzee, Jumatano na Alhamisi kwa Kilua, Ijumaa kwa Godi. Mwanafunzi akichanganya, anapata wastani."

Wastani! Yaani Mjerumani, kaburu na Mdenmaki uwatwange kwenye kinu kimoja, kitakachobaki chini ni Mholanzi.

Nikafunga kifungo cha koti juu ya ile ada. "Zubeda, twende."

"Baba Zubeda, kamusi unaiacha?" Singano akaniita. Niliitazama pale mezani. Ilikuwa ya Kiingereza na Kifaransa.

Nje ngazini Mama Aneke alitukuta. Naye alikuwa ametoroka, jibini mkononi. Akakaa na Zubeda kwenye ngazi ile imara niliyoikagua, akarekodi kwenye simu ya binti yangu salamu, namba, siku za wiki, jina langu ni fulani, naishi mahali fulani. Ya pesa hakutaka kusikia. Akasema jambo moja ambalo sijalisahau: "Mwalimu wako si yuko kwenye simu?"

Alimaanisha Rajabu, ambaye Zubeda alikuwa ameshamsimulia habari zake.

Wakuu, sisi tulikuwa tunampigia Rajabu kila siku kumwuliza hela ya ada imefika wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia, hebu ongea na mkeo Kiholanzi. Na yeye, kwa kuwa si mwalimu na hana cheti cha fremu, alidhani Kiholanzi chake cha kwenye nyanya hakihesabiki.

Kuanzia siku ile wakawa wanaongea hicho tu. Mwanzoni hawakuwa na la kuambiana. Watu wa ndoa yao wanaulizana, "Leo ni siku gani?" "Leo ni Jumanne." "Nyanya ni rangi gani?" "Nyanya ni nyekundu." Mke wangu aliponisikia nikirudiarudia nyuma ya mlango alisema nyumba yake imekuwa ya vichaa.

Mara ya kwanza kwenye mtihani, Dar es Salaam, Zubeda alifaulu kuzungumza, kusoma akaanguka. Alirudi, akaingia chumbani, hakula. Kesho yake akaanza upya. Mara ya pili alifaulu vyote.

Rajabu alipoambiwa, alilia kwenye simu. Mtoto akaniuliza, "Baba ana maji?" Alidhani simu imelowa.

Na ile shule? Msiihurumie. Haikufungwa. Juma lililofuata bango lilipakwa upya: SHULE YA LUGHA ZA ULAYA. Lugha tatu, chini ya paa moja. Kila alichokosea Singano kimekuwa kozi yenye ada yake, na nasikia Mzee Mntangi ana wanafunzi wengi maana watalii wa Kijerumani huku hawaishi kuja. Tumezoea kupigia makofi tai, na makofi yangu mimi yalikuwemo mara tatu. Kwa hiyo siwacheki peke yao.

Nilichojifunza ni kifupi. Kabla ya kukagua choo cha shule, mwombe mwalimu aseme sentensi moja mbele ya mwenye lugha. Na kabla ya kutafuta mwalimu, angalia nani ndani ya familia anakijua kitu hicho na hamjawahi kumwuliza.

Zubeda na mtoto waliondoka kabla ya mavuno ya peasi. Juzi walipiga. Zubeda akasema wakimwuliza mtoto, "Babu yuko wapi?" anaonyesha simu.

Nilitoka nje kidogo kuangalia karoti.

Sasa wenye uzoefu wa hizi shule za lugha mikoani, semeni na nyinyi, hasa aliyewahi kufundishwa lugha moja akidhani ni nyingine. Na kama yupo mwenye kutumia Kidenmaki, Godi bado anatafuta mtu wa kuongea naye.

Hesabu ya mwisho: laki sita zilirudi nyumbani salama kwenye koti, zikaishia kwenye nauli na mitihani ya Dar. Kilichopotea ni bei ya fomu ya kujiunga, ambayo nayo, nilipoisoma vizuri nyumbani, ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Shilingi elfu ishirini.