Chupa za Wageni kule Vitshumbi

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa aliyeolewa Vitshumbi, alipiga simu kusema Neema, binti yake wa miaka mitatu, anakohoa. Nyuma ya sauti yake nilikisikia kikohozi chenyewe, cha kutikisa Ziwa Edouard lote. Mjomba gani atabaki Majengo, mtaa wangu wa Goma, anakunywa chai? Nilinunua sirop ya kikohozi, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi.

Kutoka Goma mpaka Rutshuru, barabara ilinipiga hadi nikahisi figo zangu zimebadilishana nafasi. Kwenye kila bariere ya askari nilishika mfuko kuona kama chupa bado iko. Tulipofika mji wa Kiwanja mvua ikatukamata, lakini nilimwomba motari, dereva wangu, tusisimame. Akauliza kama nimeiba muke wa mutu. Nilipomwambia ni mutoto mugonjwa, hakutania tena.

Saa kumi, Vitshumbi. Nyumba niliitambua kwa viatu vingi mlangoni. Kule mutu haendi kwa mugonjwa mikono mitupu, na aliyeleta dawa anainywesha mwenyewe, wenye nyumba wakitazama. Kumukataza ni kumufukuza. Mezani chupa tatu zilikuwa zimeshafunguliwa: ya jirani, ya mwalimu wa dini, na ya mama mukwe wa Furaha. Neema alilala kwenye mukeka.

"Kikohozi kimenyamaza," mama mukwe alinieleza kwa furaha. "Analala vizuri tangu asubuhi. Njo umupe na yako, mjomba."

Akanipa kijiko cha supu. Nilimwita Neema, jicho moja likafunguka, likajifunga. Nikamuinua, kichwa kikaanguka begani kwangu. Nikaanza kugeuza zile chupa. Shule ya usiku ilinipa Kifaransa cha kusoma hata nyayo za sisimizi. Mbele majina yalikuwa matatu. Nyuma, dawa ileile inayoleta usingizi, na onyo kwamba mutoto mudogo asipewe bila ruhusa ya munganga wa hospitali. Nikasoma yangu. Ileile.

Niliweka kijiko chini.

"Ni yangu ndiyo mubaya?" mama mukwe akauliza.

"Hapana, mama. Zote ni dawa moja. Mutoto amepewa mara tatu."

Furaha alikuwa ameshamubeba, tukatoka mbio. Mama mukwe alifunga chupa zote ndani ya kitenge, akatupita njiani, yeye na magoti yake ya kulalamika, akafika wa kwanza kwenye kituo cha afya. Muuguzi alisoma chupa, akasikiliza pumzi, akasema mutoto abaki mbele ya macho yake na asipewe tone lingine. Mimi nilizunguka uwanja hadi mchanga ukachoka na miguu yangu.

Jua lilikuwa linashuka Neema alipokohoa kwa nguvu, akafungua macho yote mawili, akaomba samaki. Mama mukwe akapiga vigelegele. Nimetembea nchi yote, karibu dunia yote, sijawahi kuona kikohozi kikishangiliwa.

Muuguzi alitueleza kwamba kikohozi cha mafua mara nyingi kinaondoka chenyewe. Mutoto anyweshwe vizuri, na aliyepita mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo. Akianza kupumua kwa shida, akimbizwe kituoni.

Kesho yake nilirudi Goma, chupa yangu haijafunguliwa. Wenzangu, mukienda kuona mutoto anayekohoa, bebeni machungwa. Na kama sirop iko mukononi, uliza kwanza leo ameshapewa nini, na nani. Halafu ungoje jibu.