Kwato Nilizokataa Kuzilinganisha

Mimi ni mkosaji, ndugu zangu. Hili jambo nimelibeba kwa miezi, na leo naona bora niliseme hata mkinitukana.

Nalima mpunga pembeni mwa hifadhi, upande wa Mikumi. Asubuhi moja nilikuta robo ya shamba imelala chini, imeliwa na kukanyagwa, alama za kwato zimejaa kwenye tope. Sikufikiri mara mbili. Jirani yangu Baba Neema ni mfugaji, zizi lake liko ng'ambo ya mfereji, na mwaka wa nyuma ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye maharage yangu. Nikasema ni yeye tu, nani mwingine?

Jamani, mdomo wangu huu! Nilipita kisimani nikasema. Nikapita mashineni nikasema. Tulipoitwa ofisi ya kijiji, watu watatu walisimama kushuhudia kwamba ng'ombe wa Baba Neema ndio waliokula mpunga. Hakuna aliyewauliza kama waliona kwa macho yao au waliambiwa na nani. Mimi nilijua waliambiwa na nani. Nikanyamaza, tena nikatikisa kichwa kama vile ni habari mpya kwangu!

Baba Neema hakugomba. Alisema kwa upole, "Mama, twende shambani na ng'ombe wangu mmoja. Akanyage palepale, tulinganishe kwato."

Nikamjibu mbele ya watu kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Ukumbi mzima ukacheka, na kesi ikaishia kwenye kicheko hicho. Akapewa siku saba ahamishe mifugo.

Alihama na familia yote. Neema alikuwa darasa la saba, anakaa dawati moja na binti yangu, mtihani wa taifa umebaki wiki mbili. Baba yake alijenga kwetu kwa ajili ya shule ya huyo mtoto. Hilo nililijua fika.

Siku chache baadaye mpunga wa mtu mwingine ukaliwa, na zizi lile likiwa tupu. Akaja askari wa wanyamapori, akainama kwenye tope, akasema hizi ni kwato za mbogo, tazameni zilivyo pana. Nikakimbilia shambani kwangu. Tope lilikuwa limekauka na alama zimebaki vilevile, pana vilevile. Ole wangu! Nilikaa chini palepale nikalia.

Nilimweleza mwenyekiti, akasema yaliyopita si ndwele. Nikawatafuta mwenyewe, nikawakuta Dumila, mama yake Neema anauza maziwa stendi. Nikaanza kuomba radhi. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Habari ya mbogo tulishaisikia. Mtihani nao ulishapita."

Neema akaja na ndoo ya maziwa. Akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Wallahi, nilishindwa kuitikia marahaba.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza sasa. Akivaa sare asubuhi, mimi natoka nje.

Ndugu yangu unayesoma, uchungu wako si ushahidi. Watu kumi wakirudia neno lako, bado ni neno lako moja. Na unayemshtaki akikuambia twende tukaangalie, nenda naye siku hiyohiyo, hata kama una hasira. Mimi shamba lilikuwa hatua chache tu kutoka pale ofisini, na sikwenda.