Uchovu Tuliouita Uvivu

Jumanne nikiwa sokoni Mitaboni nikichagua nyanya, mpwa wa Mwaitu alinishika mkono akaniambia mama huyo ametutoka. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kuchimba matuta mashambani, kilivyomwita, hata sisi tuliomzidi umri. Nimonia ilimchukua kwa siku nne tu. Wasomaji wangu wataniwia radhi leo nikiiacha siasa. Nina jambo la kuungama.

Mwenyekiti wetu huyo alikuwa akishika jembe, wanaume hutazama chini kwa kuachwa nyuma. Kisha, kama miaka sita iliyopita, akaanza kuketi. Akichimba hatua chache, anapumzika, jasho likimtiririka hata katika baridi ya Julai. Akiinuka ghafla hupepesuka na kushika bega la aliye karibu. Watu wakanong'ona kuwa ameanza pombe. Mimi, katibu, nilifanya vibaya zaidi: nilisimama mkutanoni nikasema kikundi hakiwezi kulea wavivu, hata wakiwa viongozi.

Hakukasirika. Alinifuata baadaye, akaniita kwa kazi niliyoifanya kabla ya uandishi.

"Mwalimu, mimi niko na uchovu hata usingizi hauutoi. Naamka kama nimelima usiku kucha. Choo napata siku ya nne, ya tano, na kwa shida. Nikisimama, macho yanaingia giza. Niambie huo ni uvivu gani, niuache."

Wiki iliyofuata nilimsindikiza hospitalini mjini Machakos, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Malaria hakuna, sukari hakuna. Ndipo daktari akampima presha akiwa amelala, kisha akamsimamisha akapima tena. Ilikuwa imeshuka sana. Akamtazama akitembea, akaona mkono wa kulia umening'inia tu, hauchezi. Baada ya kumchunguza kwa muda mrefu, akamwambia ni ugonjwa wa Parkinson, ukiwa bado mwanzoni.

"Lakini mimi sitetemeki," Mwaitu akasema.

"Si wote huanza kwa kutetemeka, mama. Unagusa pia mishipa ya fahamu inayoendesha presha, tumbo na jasho bila sisi kuituma. Na huo uchovu ni ugonjwa wenyewe, si tabia yako."

Akalia. Nilidhani ni hofu, lakini tulipotoka nje aliniambia, "Nalia kwa sababu kuna mtu ameniamini."

Alipewa dawa, akafundishwa kunywa maji ya kutosha na kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Nami niliomba msamaha mbele ya kikundi kizima. Tangu hapo kazi yake ikawa kutuonyesha mstari wa tuta upite wapi. Asubuhi, nguvu zikiwapo, aliketi kwenye kiti akipaza sauti: "Panda kidogo! Hapo! Maji yatalala hapo." Nguvu zikimwishia alisema tu, "Leo nimefika," akaenda kulala, na hakuna aliyemtupia jicho baya.

Huku kwetu mtu hupimwa kwa jembe lake, na kipimo hicho kimetulisha. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilihitaji mashine ya presha ili niamini maneno ya mwanamke niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili. Mtu akikwambia amechoka, muulize amechoka vipi, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.