Bangili ya Koko haikukatwa

Leo munganga wa hospitali alishika koleo akate bangili ya koko yangu, bibi yangu, na koko akaficha mkono mgongoni kama mtoto.

Alikuwa ameanguka jana. Mkono ulivimba, vidole vikaanza kubadilika rangi.

"Mama, tukichelewa utapoteza vidole," munganga akamwambia kwa upole.

"Kaka yangu ndiye aliisuka hii, hapa hapa mukononi," koko akajibu. "Usiikate."

Mimi sikujua hata kama alikuwa na kaka.

Akatueleza. Miaka ya hamsini, kaka yake alikuwa akivuta nyaya za simu kwenye barabara ya Fizi. Siku ya kupanda meli kwenda kutafuta kazi mjini Albertville, alimketisha dada yake, akamsukia mkononi mabaki ya waya wa shaba, kama mtu anavyosuka nywele.

Hakurudi tena. Na koko hakuivua hata siku moja.

Basi akafumba macho. Kwa mkono wa pili akapapasa mpaka akaipata ncha, akaanza kufumua, waya mmoja mmoja, pole pole, bila kukosea.

Jamani, hakuna waya uliokatika. Munganga aliweka koleo chini.

Bangili ilipotoka, damu ikarudi vidoleni.

Nikamuuliza, "Koko, ulimuona akisuka mara moja tu. Umekumbuka namna gani?"

"Siku ile niliangalia vidole vyake," akasema. "Ningemuangalia uso, ningelia."

Nyinyi mngemjibu nini?