Bunduki Iliyolazwa Nhica

Niliondoka kwenye shamba la mkonge, upande wa Mtwara, kwa sababu ya barua moja fupi. Iliandikwa na kiongozi wa kambi iliyo ng'ambo ya Ruvuma, mwendo wa nusu siku kutoka Nhica. Wapiganaji wa kule, waliokuwa vitani na Wareno, na familia zilizokimbia vijiji vyao, waliishi kwa mihogo na nyama ya porini. Wawindaji wao walikuwa wamepata bunduki mbili za komeo, zile zinazofungwa kwa kipande cha chuma cha kusukuma, zilizoachwa na mlowezi mmoja wa upande wa Mute, lakini walizoea magobore tu, na mmoja alikwisha kujipiga mguu. Marehemu baba alikuwa mtunza bunduki wa meneja wetu, nami nilikua nikizisafisha. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na kazi. Wakaomba niende kuwafundisha.

Jumatatu alfajiri nilivuka mto kwa mtumbwi. Nilibeba daftari lenye somo nililoliandika upya mara nne. Nilihofia ndege za Wareno, nilihofia viboko, lakini zaidi nilihofia kwamba watu wazima wataniona mtoto. Mpiga kasia aliniuliza nimebeba nini cha kukumbatiwa hivyo.

"Somo," nikamjibu.

"Basi mtumbwi ukipinduka, hilo halitazama."

Kutoka ukingoni, mimi na mpiga kasia tulitembea hadi adhuhuri. Tulipita kijiji ambacho mabomu yalikwisha kukipitia. Mitungi ilikuwa bado imepangwa nje ya nyumba zisizo na paa. 

Kambini nilipokewa na Bi Atija, mwanamke wa Quiterajo, na mumewe Bakari. Kazi ya Bakari ilikuwa kumtangulia mwindaji mkuu, akifungua njia kwa panga. Mwindaji mwenyewe, Mzee Ntaluma, Mmakonde mwenye mvi, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Huyu ndiye mwalimu?" mzee alimwuliza Bakari. "Nilidhani ni mtoto wa mwalimu."

"Mwache anywe uji kwanza, mzee," Bi Atija alisema. "Huenda atakua kabla ya jioni."

Jumanne asubuhi nilifundisha. Niliwaonyesha kibawa kidogo cha chuma kilicho nyuma ya komeo. Kikilala kushoto, bunduki iko tayari kupiga. Kikisimama wima, pini, ule msumari unaogonga risasi, imezuiwa, lakini komeo linafunguka, kwa hiyo unaweza kutoa risasi bila hofu. Kikilala kulia, pini imezuiwa na komeo limefungwa. Hivyo ndivyo bunduki yenye risasi inavyopaswa kubebwa njiani. Niliwaambia pia kwamba kibawa ni chuma tu, na chuma huchakaa, basi mtutu usielekezwe kwa mtu hata kibawa kikiwa kulia. Walirudia mmoja mmoja, wakapatia. Nilifurahi kupita kiasi.

Kisha Mzee Ntaluma aliichukua bunduki yake, akaweka risasi, akabana kifyatuo kwa kidole, na huku amekibana akalishusha komeo polepole mpaka likafunga. Pini haikuruka, ilishuka taratibu kama nyundo ya gobore inavyoshushwa kwa kidole gumba.

"Mimi huilaza hivi," alisema. "Imelala. Kibawa cha nini?"

Niliona kosa lake papo hapo. Gobore lililoondolewa fataki halina cha kuwasha baruti, hata nyundo ikigongwa. Lakini risasi hii inayo fataki kwenye kitako chake, na pini sasa ilikuwa imeiegemea. Kibawa hakigeuki pini ikiwa imeshuka. Komeo likigongwa kwa nyuma, risasi inaondoka. Na mbele ya mtutu ule hutembea Bakari.

Ningeweza kuwaonyesha. Ilitosha kutoa baruti na kichwa cha risasi moja, kuacha fataki, kisha kugonga nyuma ya komeo. Lakini risasi zilikuwa chache, nikaona haya kuomba moja iharibiwe. Tena yule ni rika la babu yangu, na wanafunzi wote wanatazama. Nikasema, "Mzee, hivyo si vizuri sana."

"Si vizuri sana," alirudia, akiiga sauti yangu. Watu wakacheka, Bakari kuwashinda wote. "Gobore la baba yangu lililala miaka yote, mwalimu. Halikumwamsha mtu."

Niliamua nitamwambia faraghani. Jioni nzima nilitafuta maneno ya adabu. Nilipoyapata, alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Jumatano nilipoamka walikuwa wametoka. Jua lilipopanda tulisikia mlio mmoja. Bi Atija alicheka, akateka maji ya kupikia nyama. Mimi nilihesabu: wa pili haukuja. Nikajiambia kwamba mwindaji hodari hahitaji wa pili.

Mzee Ntaluma alirudi mikono mitupu. Alisema alikuwa akivuka gogo, bunduki ikamponyoka begani, komeo likagonga kisiki. Bakari alikuwa hatua tatu mbele.

Tulimzika alasiri. Baadaye Bi Atija alikuja niliposimama.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilimwambia, bibi."

"Ulimwambiaje?"

Nikarudia maneno yale yale. 

"Mtu akienda kukanyaga nyoka, nyinyi wasomi mnamwambia si vizuri sana?"



Alhamisi niliomba risasi moja, na kiongozi alinipa bila kuuliza. Nilitoa baruti na kichwa, nikailaza bunduki kama Mzee Ntaluma alivyoilaza, nikagonga nyuma ya komeo kwa kipande cha mti. Fataki ikalia, mlio mdogo mkavu. Hakuna aliyecheka. Mzee Ntaluma aliinuka, akaenda zake, na hakugusa bunduki tena nilipokuwa pale.

Ijumaa nilirudi kwa njia ile ile, nikavuka mto.

Wiki ya pili baada ya kurudi, walinzi wa shamba letu la mkonge waliomba somo lile lile. Mmoja wao, mzee aliyewahi kunibeba mgongoni nikiwa mchanga, aliweka risasi, akabana kifyatuo, akaanza kulishusha komeo. Nilimpokonya bunduki mbele ya wote. Aliniita mwana asiye na adabu, akaniuliza kama hivyo ndivyo baba alivyonilea. Nilimjibu kwamba anitukane mpaka atosheke, ila simrudishii mpaka nione ametoa risasi ile kwa mkono wake, bunduki nikiwa nimeishika mimi.